Abaloni hashiki mwamba, gamba linavunjika, watoto hawaonekani: anzia wapi kutafuta tatizo

Hii naiandika kwa wenzetu waliopata kazi kwenye mashamba ya abaloni kule Afrika Kusini, pwani ya Western Cape, Hermanus na Gansbaai na maeneo ya jirani, na pia kwa mwanafunzi yeyote wa mambo ya bahari anayezamia kwenye maji baridi akakuta vitu haviko sawa. Kwa asiyemjua, abaloni ni konokono wa baharini mwenye gamba moja bapa lenye mstari wa vitundu pembeni, ndani linang'aa rangi zote, na chini ana mguu mmoja mpana wa nyama ambao ndo unaoliwa na ndo unaouzwa bei kubwa Hong Kong. Wa Afrika Kusini wenyeji wanamwita perlemoen, kisayansi Haliotis midae. Anaishi kwenye miamba chini ya kelpi, ule mwani mkubwa wa kahawia ambao shina lake linaweza kupita mita 10 kutoka mwambani hadi juu ya maji, na anakula vipande vya huo huo mwani vinavyokatika na kuletwa na mawimbi. Kwahiyo ukitaka kumuelewa abaloni lazima uielewe kelpi, na ukitaka kuielewa kelpi lazima uyaelewe maji.

Abaloni wakianza kufa watu wengi kitu cha kwanza wanasema ni ugonjwa, wanataka dawa. Naomba kabla ya dawa ujiulize swali moja, tatizo limekaa wapi? Ni huyu mmoja? Ni kreti hii moja? Tangi zima? Matangi yote yanayopata maji kutoka pampu moja? Au mpaka wale wa huko nje kwenye miamba? Maana akiumwa mmoja peke yake mara nyingi kaumizwa, na mtu au na mnyama, kreti moja ikiharibika angalia msongamano na chakula kilichooza humo chini, tangi moja angalia hewa na bomba, matangi yote kwa mpigo angalia maji yanayoingia, na ikiwa ni ghuba nzima basi tafuta joto, maji mekundu (vijidudu vya planktoni wakijaa baharini), au msitu wa kelpi wenyewe umekufa. Alafu jambo lingine, abaloni anachelewa sana kuonyesha kwamba ana shida. Kwa magonjwa ya polepole na njaa, ukiona kalegea leo ujue chanzo kilianza siku nyingi nyuma, fungua daftari la joto la maji urudi nyuma, usiangalie kipimo cha asubuhi ya leo tu.

Hashiki, mguu umesinyaa

Abaloni mzima ukimgusa tu anajibana mpaka huwezi kumtoa kwa mkono. Ukikuta unamuinua kirahisi, mgeuze umwangalie. Kama nyama ya mguu imepungua, kuna nafasi kati ya mwili na gamba, na ukimlaza chali anashindwa kujigeuza, hapo kuna vyanzo viwili vikubwa vinavyofanana kabisa kwa macho, njaa na bakteria wa kunyong'onyesha. Na hivi viwili watu wanavichanganya kila siku.

Njaa ni rahisi kuijaribu. Wanakula zaidi usiku, kwahiyo jioni weka kelpi mbichi, asubuhi uje uangalie. Mwenye njaa atakuwa amekula, kingo za mwani zimetafunwa. Mgonjwa hagusi, au anagusa kidogo tu, mwani umebaki vile vile.

Ugonjwa wenyewe ulionekana California katikati ya miaka ya 1980, kwenye visiwa vya Channel Islands, abaloni weusi walianza kudondoka kwenye miamba wamekonda, mguu umekauka. Mwanzoni wengine walidhani ni njaa maana joto la bahari la El Niño ya 1982 na 1983 lilikuwa limeharibu kelpi, na dhana hiyo haikuwa ya kijinga hata kidogo, dalili zilikuwa ni zile zile. Baadae ikajulikana ni bakteria anayeishi ndani ya seli za utumbo, Xenohaliotis californiensis. Anaharibu ngozi ya ndani ya utumbo, mnyama anashindwa kunyonya chakula, mwili unaanza kula msuli wake wenyewe, na msuli mkubwa alionao ni mguu. Ndo maana anasinyaa mguu na sio kitu kingine. Kinachotakiwa kukaa kichwani ni kwamba bakteria huyu anaweza kuwemo mwilini na abaloni akaonekana mzima kabisa kwenye maji baridi, alafu maji yakipanda kufika nyuzi 18 hivi na kuendelea ndo ugonjwa unalipuka. Abaloni weusi waliisha kiasi kwamba mwaka 2009 Marekani wakawaweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwenye matangi dawa ya oksitetrasaiklini iliyochanganywa kwenye chakula inasaidia, chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo, lakini baharini huwezi kulisha dawa bahari nzima, na hata kwenye tangi ukitoa dawa huku maji bado ni ya moto umepoteza hela.

Pwani hiyo hiyo ya California, upande wa kaskazini, baada ya 2014 abaloni wekundu nao wakaanza kukonda na kuachia miamba. Safari hii ilikuwa njaa kweli. Nitaieleza huko chini kwenye kelpi.

Chanzo cha tatu cha kutoshika ni virusi, na huyu ana alama zake. Mdomo unavimba na kutokeza nje, kingo za mguu zinajikunja kwa ndani huku katikati pamekakamaa, na wanakufa haraka, mguu haupati hata muda wa kukonda. Ni virusi wa jamii ya hepesi wanaoshambulia mishipa ya fahamu, walipiga mashamba ya Victoria kule Australia mwishoni mwa 2005, na mwaka 2006 wakatoka mashambani wakaenea kwa abaloni wa baharini. Dawa hakuna. Ukiona dalili hizi usihamishe mnyama hata mmoja, usimwage maji ya tangi hilo baharini, piga simu kwa mamlaka ya nchi uliyopo siku hiyo hiyo, kwasababu huu pamoja na ule wa bakteria iko kwenye orodha ya magonjwa ambayo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linataka yatolewe taarifa.

Na kabla hujafika mbali kote huko, muulize aliyekuwa zamu kama kuna mtu alitumia kisu kuwabandua. Damu ya abaloni haigandi kama yetu, mchaniko mdogo kwenye mguu unamtoa damu mpaka afe, na damu yenyewe ni ya rangi ya samawati hafifu kwahiyo usipokuwa makini huioni kabisa kwenye maji. Tumia spatula ya plastiki isiyo na makali, uipitishe haraka kabla hajajibana, au walevye kwanza kwa utaratibu wa shamba.

Kwenye miamba kuna wakubwa tu, watoto hakuna

Hii ndo dalili inayoniuma zaidi kwasababu watu huwa hawaioni. Unazamia, unakuta abaloni wakubwa wamejaa, unafurahi, unaandika hali ni nzuri. Angalia tena. Kama huoni wadogo wa sentimita 2 au 3 basi unaangalia wazee ambao hawana warithi.

Kwa Afrika Kusini mahali pa kwanza kutafuta watoto ni chini ya urchini, wale wa mviringo wenye miiba. Watoto wa perlemoen wanajificha chini ya miiba yao, wanapata ulinzi na makombo ya mwani wanayokusanya. Sasa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kamba koche wa maji baridi, Jasus lalandii, walihamia kwa wingi mashariki ya Cape Hangklip, eneo ambalo zamani walikuwa wachache. Kamba koche wakala urchini wakawamaliza, na urchini walipoisha watoto wa abaloni wakabaki wazi hawana pa kujificha. Ukienda sehemu kama hiyo utakuta kelpi imesimama vizuri, maji safi, baridi yake ni ya kawaida, hakuna ugonjwa wowote, na bado abaloni wanapungua. Kwahiyo ukipima maji ukakuta yako poa usifunge faili, hesabu urchini, alafu hesabu kamba koche.

Hapa watu wanakosea kwa kuchukua habari ya California na kuileta Cape nzima nzima. California urchini ndo tatizo maana wanamaliza kelpi, Cape urchini ndo nyumba. Ukisoma mahali kwamba dawa ni kuvunja urchini kwa nyundo, hakikisha kwanza ni urchini yupi na pwani gani.

Sababu ya pili ni umbali. Abaloni hawajamiiani, dume anatoa mbegu kwenye maji na jike anatoa mayai kwenye maji, vikutane vyenyewe. Wakiwa wametengana zaidi ya mita chache mbegu zinapotea kwenye mkondo na mayai hayarutubiki. Kwahiyo mahali palipovuliwa sana, hata wakibaki mamia waliotawanyika, kuzaliana kunakuwa kama kumesimama. Hiki ndo kilichowakuta abaloni weupe wa kusini mwa California, wa kwanza kati ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo kuingizwa kwenye orodha ya walio hatarini Marekani, mwaka 2001. Wamebidi wazalishwe kwenye maabara pale Bodega Bay, na kuanzia 2019 ndo wakaanza kurudishwa baharini.

Na Cape waliowatawanyisha ni majangili. Uvuvi wa burudani ulifungwa 2003, wa kibiashara ukasimamishwa 2008 kisha ukafunguliwa tena 2010, lakini ujangili haukusimama. Shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori, lilikadiria kwamba kati ya 2000 na 2016 zaidi ya abaloni milioni 96 walichukuliwa kiharamu. Sheria inasema gamba lisipungue upana wa sentimita 11.4, na mnyama anachukua miaka mingi kufika hapo. Ukikuta lundo la magamba matupu mahali pamoja, yamebanduliwa safi hayana tundu wala hayajamong'onyoka, mengine chini ya saizi, huyo sio pweza wala kamba koche. Usiyaguse, usiwakaribie wahusika, biashara hii imeingiliana na ya madawa ya kulevya, toa taarifa uondoke.

Gamba lina shida

Ukikuta gamba tupu, lisome. Tundu dogo moja linalopungua upana kuelekea ndani, mara nyingi juu ya pale msuli unaposhikia, ni pweza, anatoboa anaingiza sumu mpaka abaloni analegea. Kingo zimemong'onyolewa, hiyo ni kaa au kamba koche.

Kama mnyama ni hai lakini gamba linavunjika hovyo mkononi, limekua kwenda juu kama kuba badala ya kutanuka na vile vitundu vya pembeni vimeziba, chukua lensi uangalie ukingo wa gamba. Kuna mnyoo mdogo sana, Terebrasabella heterouncinata, asili yake ni huko huko Afrika Kusini, anakaa kwenye ukingo na abaloni anaendelea kujenga gamba juu yake, anatokea kijibomba. Hali nyama ya abaloni, wala hanyonyi damu, ila mnyama anatumia nguvu zote kujenga gamba bovu na anaacha kukua. Miaka ya 1980 mnyoo huyu alisafirishwa bila kujulikana pamoja na abaloni kwenda California, akaenea mashambani, na karibu na Cayucos, pwani ya California, akatoka nje akaanza kuishi kwenye konokono wa pale ufukweni. Alichokosa huyu mnyoo ni hatua ya kuogelea, watoto wake wanatambaa tu kutoka gamba moja hadi la jirani. Watafiti wakatumia udhaifu huo huo, wakafunga njia mpya za kutoka shambani, kisha wakaondoa konokono milioni 1.6 wa aina ambayo mnyoo huyu anaivamia kirahisi, mpaka mnyoo akakosa gamba la kuhamia akapotea pale. Mi napenda sana mfano huu kwa sababu unaonyesha ukijua tatizo linasafirije unajua pa kulikatia. Kwahiyo kwenye tangi, punguza msongamano, tenga kreti zilizoathirika, usichanganye saizi, na vifaa visitoke tangi hili kwenda lile bila kukaushwa.

Tofauti yake na minyoo ya aina ya Polydora ni kwamba hawa wanatoboa na ukimfungua abaloni unakuta malengelenge meusi yenye tope kwenye upande wa ndani wa gamba. Hawa wengi watoto wao wanaogelea, wanaingia na maji ya pampu, kwahiyo filta na usafi wa tope ndo silaha yako.

Rangi ya gamba kubadilika sio ugonjwa. Ni chakula. Abaloni mwekundu akilishwa kelpi tu gamba jipya linatoka jeupe jeupe au kijani, akirudi kwenye mwani mwekundu linarudi jekundu, unaona mistari. Wageni wengi wanaogopa hii bure.

Wamekufa wengi kwa usiku mmoja

Kama ni tangi moja, ni oksijeni au amonia, angalia bloa (mashine ya kupuliza hewa), angalia mawe ya hewa, nusa chini kama kuna chakula kilichooza. Kama ni matangi yote, nenda ukaangalie bahari yenyewe. Januari 2017 maji mekundu yaliingia Walker Bay, ghuba ya huko Hermanus, planktoni wadogo aina ya Gonyaulax spinifera na Lingulodinium polyedra wakajaa kwenye maji na abaloni wa mashambani wakafa kwa wingi, matamvua yao yakiwa yameharibika. Mashamba ya nchi kavu yanavuta maji ya bahari saa zote kwahiyo kinachoingia ghubani kinaingia tangini. Dalili za mapema ni maji ya kahawia au mekundu yanayoonekana ukiwa juu, usiku yanawaka ukiyachezea, na abaloni wanapanda kuta za tangi kuelekea juu. Hapo punguza uvutaji wa maji mapya, zungusha yaliyomo ndani, ongeza hewa, acha kulisha ili amonia isipande, na peleka sampuli ya maji maabara.

Ukiona vipovu vya hewa chini ya ngozi na mwili umevimba, pampu inavuta hewa mahali fulani pamoja na maji, gesi imezidi kwenye maji, kagua maungio ya bomba la kuvuta. Wakielea wakiwa hai tumbo limejaa gesi, ni chakula kinachochachuka tumboni, na inatokea zaidi maji yakiwa ya joto, simamisha chakula cha kutengenezwa kwa muda. Vinundu vyeupe kwenye mguu vinavyogeuka vidonda, hiyo ni jamii ya ukungu, Halioticida noduliformans, ilijitokeza kwenye mashamba ya Afrika Kusini 2006, tenga na uite daktari.

Kelpi yenyewe inakatika au imepotea

Mashina yakikatika chini kabisa, ng'oa kishikizo, ile sehemu kama mizizi inayoshika mwamba, uangalie ndani. Kwenye bahari za Ulaya, Norway na Scotland, kuna konokono mdogo wa kofia mwenye mistari ya samawati inayong'aa, Patella pellucida, wengine wanakaa kwenye majani na hawadhuru sana, ila wanaohamia ndani ya kishikizo wanachimba mapango na dhoruba ikija shina linang'oka. Kaskazini mwa Atlantiki kuna mwingine, Lacuna vincta, anatoboa majani yanachanika. Cape ukikuta mwenye kofia amekumbatia shina, Cymbula compressa, muache, hapo ni kwake na hamuui mwenyeji wake.

Lakini kama msitu wote umeondoka, chanzo ni kikubwa kuliko konokono. Kaskazini mwa California mwaka 2013 viti vya pweza (sio pweza mwenyewe, ni wale wanyama wenye umbo la nyota) vilianza kuyeyuka kwa ugonjwa, na aliyekaribia kuisha kabisa ni yule mkubwa wa mikono mpaka 24, Pycnopodia, mlaji mkuu wa urchini. Chanzo chake, bakteria Vibrio pectenicida, kilikuja kutambuliwa 2025 tu. Kisha joto la bahari la 2014 hadi 2016 likaidhoofisha kelpi, maana maji ya joto yana virutubisho vichache. Urchini wa zambarau hawakuwa na wa kuwala, wakatoka mafichoni wakala mashina, zaidi ya asilimia 90 ya kelpi ikaondoka kwenye sehemu kubwa ya pwani ile. Abaloni wekundu walionekana wakipanda mashina machache yaliyobaki, na 2018 uvuvi wao ukafungwa. Urchini hao wanaweza kukaa na njaa miaka, abaloni hawezi, kwahiyo kusubiri tu hakurudishi kitu. Wenzetu wanaolima mwani Zanzibar wanajua joto linavyoudhoofisha mwani, na kelpi ya maji baridi uvumilivu wake wa joto ni mdogo kuliko wa mwani wa kwetu.

Ukiamua kupeleka sampuli

Peleka walio hai lakini dhaifu, sio waliooza, na weka wazima wachache wa tangi lingine wa kulinganisha. Wafunge kwenye kitambaa kilicholowa maji ya bahari, ndani ya boksi lenye barafu ambayo haiwagusi, wasigande. Andika joto la maji la mwezi mzima uliopita, kwa saa kama unalo, tarehe kelpi ilipovunwa na wapi, nani waliingizwa shambani karibuni na walitoka wapi, na wangapi wanakufa kila siku kwenye kila tangi. Mpaka majibu yarudi hakuna mnyama, maji, kreti wala buti linalotoka eneo hilo.